Simu Iliyopokelewa na Mwingine: Uchambuzi wa Kisa cha Kikundi cha Akina Mama wa Mombasa

Kisa kinachochambuliwa hapa kilikipata kikundi cha kusaidiana cha akina mama wa Mombasa, wengi wao wakazi wa Majengo, Kibokoni na Kisauni, ambao kwa muda mrefu wamekuwa wakichangiana katika harusi, misiba na maradhi. Viongozi wao waliniomba niyapitie yaliyotokea ili wajue pengo lilikuwa wapi, nao wakaridhia niyaandike kwa sharti kwamba jina la mtu, la duka wala la hospitali lisitajwe. Kwa hiyo wahusika nitawataja kwa nafasi zao tu: Mweka Hazina, Katibu, Mgonjwa, na mama mmoja mtu mzima ambaye kikundi kizima humwita Bi Mkubwa.

Kilichonifanya nikubali kuandika kwa urefu ni kwamba wahusika walikuwa wameshika karibu kila onyo ambalo watumiaji wa simu huonywa. Mweka Hazina hakumtajia mtu yeyote nambari ya siri. Miongoni mwa waliotuma pesa, wapo waliopiga simu kwanza ili wahakikishe. Pamoja na hayo akaunti ilitekwa na pesa zikaenda, na baadaye lawama zote zikamwangukia mtu mmoja ambaye, kwa maoni yangu, hakustahiki hata robo yake.

Asubuhi ya kumi la mwisho

Mweka Hazina ana duka la leso katika Mtaa wa Biashara. Anayeujua mtaa huo katika kumi la mwisho la Ramadhani ataelewa kwa nini mlaghai aliichagua asubuhi ya Alhamisi: duka limejaa, wateja wanafunguliwa leso moja baada ya nyingine ili wasome majina yake, yaani misemo iliyochapwa juu yake, na mwenye duka amefunga, ana mikono miwili na anaitwa na watu watano. Wiki hiyo pia kikundi kilikuwa kikikusanya mchango wa matibabu ya Mgonjwa, kwa hiyo simu ya Mweka Hazina ilikuwa hailali.

Mpigaji alijitambulisha kuwa mhudumu wa kampuni ya simu. Alimsalimu kwa majina yake yote matatu, akamweleza kwamba laini yake ni miongoni mwa zile zilizosajiliwa mara mbili na kwamba ingefungwa kabla ya adhuhuri. Ili kumwondolea shaka alimsomea nambari ya kitambulisho chake cha taifa, lakini tarakimu mbili za mwisho alizisoma kwa kuzigeuza, ya mwisho ikatangulia. Mweka Hazina alimsahihisha papo hapo. Mpigaji akashukuru, akasema kuwa bila shaka kosa hilo ndilo lililoleta usajili wa pili, na kuanzia hapo mama huyu akaamini kwamba anasaidiwa. Ukweli ni kwamba yeye ndiye aliyemsaidia mwenzake, kwa kumkabidhi nambari iliyo sahihi.

Kisha akaelekezwa abonyeze nyota mara mbili, 21, nyota tena, nambari ya simu aliyosomewa, na mwisho alama ya #, halafu apige. Kwenye kioo yalitokea maneno ya Kiingereza ambayo hakuyasoma, kwa sababu mteja alikuwa amemnyooshea noti na mpigaji alikuwa bado anazungumza. Simu ikakatwa. Dakika chache baadaye uliingia ujumbe mfupi wenye tarakimu sita, akauona, hakumpa mtu, akaendelea na kazi. Baadaye kidogo WhatsApp ikamtoa. Alidhani bando limekwisha, na kwa kuwa alikuwa na haraka, hilo akaliacha hadi baada ya swala.

Kwenye kundi la WhatsApp la kikundi, lenye watu wasiopungua mia mbili, mambo yalikwenda kasi. Akaunti ya Mweka Hazina, ambayo sasa ilikuwa mikononi mwa mlaghai, ilikuwa na mamlaka ya usimamizi. Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuwavua usimamizi wenzake na kulifunga kundi ili wasimamizi pekee waweze kuandika. Aliyesalia na mamlaka ni Katibu, kwa sababu ndiye aliyelifungua kundi na WhatsApp haimruhusu msimamizi mwingine kumvua mwanzilishi. Lakini Katibu ni mwalimu, alikuwa darasani, na simu yake ilikuwa mkobani. Kwa hiyo ujumbe uliofuata haukuweza kujibiwa na mtu yeyote mbele ya wenzake. Ulisema kwamba hali ya Mgonjwa imebadilika usiku, hospitali inataka pesa kabla ya adhuhuri, laini ya Mweka Hazina imefikia kikomo cha siku, na kwamba pesa zitumwe kwa nambari nyingine, ya mhasibu. Chini yake iliwekwa picha ya bili ya hospitali, yenye jina kamili la Mgonjwa na maelezo ya maradhi yake.

Wanachama kumi na mmoja walituma. Watatu kati yao walipiga simu kwanza kwa nambari ileile ya Mweka Hazina waliyoihifadhi miaka mingi, na ikapokelewa na msichana mwenye sauti ya upole aliyesema, "Mama yuko ndani na daktari, mimi ni bintiye." Wakashukuru, wakamtakia Mgonjwa shifaa, wakatuma.

Aliyeuvunja mchezo ni Bi Mkubwa, ambaye hana imani na kutuma pesa kwa simu na hajawahi kuificha itikadi yake hiyo. Mjukuu wake alipomsomea ujumbe, alifunga pesa zake kwenye ncha ya leso, akatoka Kibokoni kwa miguu hadi Mtaa wa Biashara, akamkuta Mweka Hazina amesimama nyuma ya meza yake.

"Mwanangu, mbona waandika uko hospitali, nawe u hapa wauza leso?"

"Hospitali ipi tena, mama?"

Namna mtego ulivyofanya kazi

Wengi waliosikia kisa hiki walisema kwamba laini ilinakiliwa, yaani mlaghai alijipatia kadi mpya yenye nambari ya Mweka Hazina. Sivyo ilivyokuwa, na tofauti hiyo ina uzito, kwa sababu kinga ya jambo moja haiwi kinga ya jingine. Laini inapobadilishwa kwa ulaghai, kadi ya mwenyewe huzimika: simu haziingii, ujumbe hauingii, na akaunti ya M-Pesa huwa hatarini. Kwa wateja wa Safaricom ipo huduma ya *100*100# inayozuia mtu mwingine kuibadilisha laini yako, na ninamshauri kila mtu aitumie. Lakini hapa kadi ya Mweka Hazina haikuguswa. Ujumbe mfupi ulimfikia, salio lake la M-Pesa lilibaki salama, na aliweza kupiga simu kama kawaida. Kilichohama ni simu zinazoingia peke yake.

Maagizo yanayoanza kwa **21* ni sehemu ya kawaida ya mitandao ya simu duniani. Yaliwekwa ili mtu anayesafiri au anayeacha simu yake nyumbani aweze kuelekeza simu zake kwenye nambari nyingine. Mtandao unapoyapokea, hauulizi ni nani aliyekushawishi uyabonyeze. Unaamini kwamba mwenye kadi ndiye aliyetaka, na tangu wakati huo kila anayekupigia anapelekwa kule ulikoelekeza, na simu yako hailii hata mara moja. Agizo lenyewe huhifadhiwa kwenye mitambo ya mtandao. Mpwa wa Mweka Hazina, ambaye ni fundi wa simu, kwanza aliizima simu na kuiwasha, kisha akaihamishia kadi kwenye simu nyingine, na mara zote mbili hali ikawa ileile. Alipopiga *#21# ndipo kioo kilipoonyesha nambari ngeni, na alipopiga ##002# uelekezaji wote ukafutwa.

Sasa tarakimu sita. Mtu anapotaka kuisajili nambari kwenye WhatsApp katika simu mpya, huduma hiyo hutuma nambari ya uthibitisho kwa ujumbe mfupi. Ule ndio ujumbe uliomfikia Mweka Hazina, naye hakumpa mtu. Lakini WhatsApp ina njia ya pili kwa asiyepata ujumbe: baada ya muda kidogo unaweza kuomba upigiwe simu, na sauti iliyorekodiwa ikusomee nambari. Mlaghai aliisubiri njia hiyo. Simu ilipigwa kwa nambari ya Mweka Hazina, mtandao ukaipeleka kule ilikoelekezwa, na mlaghai akasomewa nambari akiwa ameketi zake. Onyo la "usimpe mtu nambari ya uthibitisho" ni sahihi kabisa, na hapa lilifuatwa kikamilifu bila kuleta faida yoyote.

Kwa njia hiyohiyo likaanguka onyo la pili. Tunaambiwa kwamba ukipata ujumbe wa kuomba pesa, umpigie mwenyewe. Wanachama watatu walipiga, na uelekezaji uleule uliompa mlaghai nambari ya uthibitisho ukamletea pia sauti zao. Yaani njia ya kuhakikisha ilikuwa imetekwa pamoja na kitu kilichokuwa kinahakikishwa. Bi Mkubwa alifaulu kwa sababu alitumia njia isiyopita kwenye laini ile. Mwanachama asiyeweza kutembea angeweza kulifikia lengo hilohilo kwa kuwapigia jirani wa duka, mume wa Mweka Hazina au mpwa wake.

Kulikuwa na kinga moja ambayo ingelizuia tukio zima, nayo ni uthibitishaji wa hatua mbili ndani ya WhatsApp, yaani PIN ya tarakimu sita ambayo mwenye akaunti hujiwekea mwenyewe na ambayo huombwa nambari inaposajiliwa upya. Mlaghai angesomewa nambari ya uthibitisho yote, lakini angekwama mbele ya PIN. Mweka Hazina hakuwa ameiweka. Mlaghai aliiweka mara tu alipoingia, na ndiyo maana mwenyewe alipojaribu kurudi siku ile alizuiwa na PIN asiyoijua, akalazimika kusubiri siku saba ambazo WhatsApp huziweka kabla ya kumruhusu mtu kuingia bila PIN hiyo. Hata hivyo kule kuingiza tarakimu sita alizotumiwa kwa ujumbe mfupi kulitosha kumtoa mlaghai. Hili watu wengi hawalijui, nao huacha kujaribu wakidhani kwamba bila PIN hawana la kufanya, huku mlaghai akiendelea kutumia akaunti yao kwa wiki nzima.

Orodha ya Katibu

Lililonishughulisha zaidi ni swali lililotangulia haya yote: mpigaji alipata wapi majina matatu, nambari ya kitambulisho, na habari ya mchango? Wanachama walimshuku mwenzao. Wengine walishuku vitabu vya wakala wa pesa, ambavyo kwa miaka mingi viliandikwa majina na nambari za vitambulisho vya wateja mbele ya macho ya kila aliyefuata kwenye foleni. Ushahidi haukuelekea huko.

Kikundi kilikuwa katika harakati za kusajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, na Katibu alikuwa ametengeneza jedwali lenye majina kamili ya wanachama, nambari za vitambulisho, nambari za simu, mtaa anaokaa kila mmoja na jina la mrithi wake. Mchango wa Mgonjwa ulipoanza, badala ya kutengeneza orodha mpya aliongeza safu moja tu ya kiasi alichotoa kila mmoja, na kila Jumatatu akawa analituma jedwali zima kundini ili watu wajione. Nia yake ilikuwa uwazi, na kwa kweli vikundi vingi vimevunjika kwa kukosa uwazi wa namna hiyo. Nilipolifungua jedwali na kuitafuta nambari ya kitambulisho ya Mweka Hazina, nilikuta tarakimu mbili za mwisho zimegeuzwa, vilevile alivyozisoma mpigaji. Kosa hilo halikuwako kwenye kitambulisho chenyewe, kwenye usajili wa laini, wala kwenye daftari jingine lolote tuliloweza kuliona. Lilikuwako pale tu.

Picha ya bili nayo ilisema jambo. Anayeiteka akaunti ya WhatsApp kwa kuisajili kwenye simu yake haoni mazungumzo ya zamani, kwa kuwa hayo hukaa kwenye simu ya mwenyewe na kwenye hifadhi yake ya Google au iCloud; huyaona makundi na huanza kupokea yanayoandikwa tangu saa ile. Bili ilikuwa imewekwa kundini na Katibu siku kadhaa kabla. Kwa hiyo aliyeituma tena asubuhi ile ya Alhamisi alikuwa nayo tayari, na hilo lina maana kwamba yeye, au mshirika wake, alikuwa mwanachama wa kundi kabla ya kumpigia Mweka Hazina simu. Tulipowahesabu wanachama mmoja mmoja tulikuta nambari tatu ambazo hakuna aliyezitambua. Ziliingia kupitia kiungo cha kujiungia ambacho Katibu alikiweka kwenye ukurasa wa Facebook ili wahisani wasio wanachama waweze kuchangia, na kundi halikuwa limewekewa sharti la kila anayeingia kuidhinishwa na msimamizi.

Kwa mtazamo huu, kubonyeza kwa Mweka Hazina ni kiungo cha mwisho katika mnyororo ambao vipande vyake vingine vyote viliunganishwa na watu wengine, kwa nia njema. Mtu hawezi kuilinda faragha yake peke yake wakati kitambulisho chake kimo kwenye simu za watu mia mbili. Hata angekuwa mwangalifu kiasi gani, mpigaji aliyejua majina yake matatu, kitambulisho chake na kazi aliyokuwa nayo wiki ile angembabaisha. Swali ambalo kikundi kilipaswa kujiuliza tangu mwanzo ni kwa nini mtu anayetaka kujua kama mchango wake umefika aonyeshwe kitambulisho na mrithi wa jirani yake.

Kuhusu Mgonjwa nitasema waziwazi kwamba hakutendewa haki. Hakuulizwa kama bili yake, yenye jina la maradhi, iwekwe mbele ya watu mia mbili. Alilazwa, akachangiwa, akashukuru, kisha akaja kusikia kwamba karatasi yake imetumika kuwaibia wenzake. Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa umuhimu wa kumsitiri mgonjwa. Mtu mzima anayekwenda kumtazama mgonjwa hospitalini hatoki huko akaitangaza hali yake sokoni. Lakini simu imetuzoesha kudai picha ya bili kama ushahidi, na anayekataa kuitoa huonekana ana jambo analolificha. Mtu mmoja wa kuaminika angeiona bili ile na kuwathibitishia wengine, na hilo lingetosha.

Sheria inasema nini

Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo haki ya kutodaiwa wala kufichuliwa bila sababu habari zinazohusu familia yake au mambo yake binafsi, na haki ya mawasiliano yake kutoingiliwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 iliipa haki hiyo utaratibu, na ofisi ya Kamishna wa Data ikapata kamishna wake wa kwanza, Immaculate Kassait, mwaka 2020.

Je, kikundi cha akina mama kinabanwa na sheria hiyo? Viongozi walidhani kwamba ni mambo ya mabenki na makampuni. Ni kweli kwamba sheria inaondoa shughuli za mtu binafsi zilizo za kibinafsi au za nyumbani tu, na ni kweli pia kwamba kanuni za mwaka 2021 za usajili wa wanaoshughulikia data haziwalazimishi kujisajili wale ambao mapato yao kwa mwaka hayafiki shilingi milioni 5 na walio na wafanyakazi chini ya kumi, isipokuwa katika shughuli maalumu. Lakini kuondolewa katika usajili si kuondolewa katika wajibu. Kikundi chenye katiba, viongozi na orodha ya wanachama mia mbili kinashughulikia data za watu kwa malengo ya kikundi, na ni vigumu kwangu kuona vipi kitaitwa shughuli ya nyumbani. Kifungu cha 25 cha Sheria hiyo ya Data kinataka data ikusanywe kwa kusudi lililo wazi, isitumiwe kinyume na kusudi hilo, isizidi kinachohitajika, na iwe sahihi. Jedwali la Katibu lilikiuka matatu kati ya hayo kwa pamoja: lilikusanywa kwa usajili likatumiwa kwa mchango, lilibeba safu nne zisizohitajika, na lilikuwa na kosa. Hali ya afya, kwa upande wake, imo katika data nyeti zenye ulinzi wa ziada.

Pale data inapowafikia wasiohusika na kukawa na hatari halisi ya madhara, anayeishikilia anatakiwa amjulishe Kamishna ndani ya saa 72 tangu alipofahamu, na awajulishe wahusika. Viongozi walisita. Waliogopa faini, na hofu yao haikutoka hewani, kwa kuwa Septemba 2023 ofisi hiyo ilitangaza faini ya shilingi 4,550,000 dhidi ya shule iliyoweka hadharani picha za watoto bila idhini ya wazazi, na ya shilingi 1,850,000 dhidi ya ukumbi wa burudani uliochapisha picha ya mteja bila ridhaa yake. Niliwaambia kwamba kunyamaza ndiko kungewaweka pabaya zaidi, kwani mwanachama yeyote, Mgonjwa akiwemo, ana haki ya kupeleka malalamiko, na malalamiko hayo yanatakiwa kuchunguzwa na kumalizwa ndani ya siku 90.

Kuhusu mlaghai mwenyewe, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018 inamhusu moja kwa moja: kutumia kwa hila kitambulisho cha kipekee cha mtu mwingine kuna faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Taarifa iliandikwa kituoni na nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio la polisi, ikatolewa. Nambari iliyopokea pesa ilikuwa imesajiliwa kwa jina la mtu ambaye, kwa jinsi polisi walivyoeleza, huenda naye kitambulisho chake kilitumiwa bila yeye kujua.

Pesa na mabadiliko

Zilizotumwa zilikuwa shilingi elfu arubaini na kitu. Mwanachama wa mwisho kutuma, aliyeisikia habari ya Bi Mkubwa dakika chache baadaye, aliusambaza ujumbe wake wa M-Pesa kwa nambari 456 ya Safaricom akiomba pesa zirudishwe, nazo zikarudi kwa sababu zilikuwa hazijatolewa. Wengine walichelewa.

Mkutano wa kuamua nani abebe hasara ulikuwa mkali. Wapo waliotaka Mweka Hazina alipe. Ilipoelezwa kwa utaratibu kwamba kitambulisho chake kilisambazwa na kikundi chenyewe kila Jumatatu, sauti zilipungua, na mwishowe ikakubaliwa kwamba waliotuma wahesabiwe kuwa wamechangia na upungufu wa Mgonjwa ujazwe kutoka kwenye akiba. Katibu aliomba radhi mbele ya wote.

Kati ya mabadiliko waliyoyafanya, moja nalipa uzito kuliko mengine yote: mchango sasa unaingia kwenye nambari moja ya Paybill (nambari ya kupokelea malipo ya M-Pesa) ya kikundi, imeandikwa kwenye katiba yao, na haiwezi kubadilishwa isipokuwa kwa mkutano wa ana kwa ana. Wengine walipendekeza neno la siri la kutambuana, na sikuliunga mkono, kwa kuwa neno linalojulikana na watu mia mbili si siri, na litaishia kuandikwa kundini na mtu aliyelisahau. Kanuni kwamba hakuna ujumbe unaoweza kubadilisha mahali pa kutuma pesa haihitaji kufichwa. Mlaghai anaweza kuisoma na isimsaidie. Mbali na hilo, kiungo cha zamani kilibatilishwa, kila anayeingia sasa huidhinishwa, na wasimamizi wote waliweka PIN ya hatua mbili. Orodha ya mchango ina jina la kwanza na alama ya kuthibitisha tu. Jedwali la usajili limebaki kwa Katibu peke yake.

Kuna lililoshindikana. Katibu alilifuta jedwali kundini, lakini waliokuwa wameshalipakua bado wanalo kwenye simu zao, pamoja na wale watatu wasiojulikana. Nambari ya kitambulisho haibadilishwi kama PIN. Kwa hiyo wanachama walielekezwa wapige *106# ili wazione laini zilizosajiliwa kwa vitambulisho vyao kwenye mtandao wa Safaricom, na warudie zoezi hilo mara kwa mara. Mmoja wao alikuta nambari asiyoijua, akaenda kwenye duka la mtandao kuikana. Wengine walitaka kujua watalazimika kuendelea na ukaguzi huo hadi lini, nami sikuwa na tarehe ya kuwapa.